Benchi Si Dawa

Jumamosi, usiku

Na bado kocha akathubutu kunikumbatia mbele ya watu! Mikono yangu niliiacha ining'inie tu, kama nguo kwenye kamba.

Leo timu ya chuo chetu imeshinda kule Nakawa, na mipira yangu ya mbali imeingia kikapuni kama zamani. Kocha akawageukia wenzangu: "Mmeona? Benchi ni dawa. Mimi ndiye nimemponya."

Dawa! Muhula mzima nimekuwa nikikosa, na yeye kazi yake ilikuwa kunifokea na kuniweka benchi. Hata Aciro, rafiki yangu, aliacha kabisa kunipa pasi. Leo ananiita dada. Banange!

Aliyeniponya ni Mama, koplo wa polisi, na goli la mpira wa pete pale kambini kwetu. Pete ile ni ndogo kuliko kikapu chetu, tena haina ubao wa kugongeshea. Kila jioni, akina mama askari wakimaliza mazoezi yao, mimi nilirusha na Mama akaniokotea mpira, buti bado miguuni. Hakunifundisha kitu. Alisema tu, "Rusha tena."

Naogopa shabaha itanipotea tena. Lakini hilo kocha hatalisikia kwangu, ng'o.

Niliporudi nilimkuta Mama anapiga pasi yunifomu yake.

"Iliingia?"

"Iliingia, Mama."

"Afadhali. Basi kesho uniachie pete nifanye mazoezi. Hata mimi, kwenye timu yetu ya askari, wameniweka benchi."