Utando Ulioshika Hadi Hospitali

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Nyamasaria tuko salama, na baba yako anakusalimu sana. Umeuliza esta, ile kemikali inayochanganywa kwenye mafuta ya injini, ina faida gani. Molekuli zake zina chaji kidogo ya umeme, kwa hiyo hung'ang'ania chuma kama utando mwembamba hata mafuta mengine yakiisha.

Nilikuwa nimetia mafuta yenye esta kwenye gari siku nilipompeleka nyanya yako kujifungua. Jiwe lilipasua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, mafuta yakamwagika barabarani. Taa nyekundu ya onyo ikawaka.

"Usisimame, Otieno," nyanya yako akaniambia.

Sikusimama. Injini ilikufa langoni mwa hospitali. Siwezi kuapa kwamba ni esta iliyotufikisha, lakini sijawahi tena kudharau kitu chembamba.

Nyanya yako hakupona. Nilirudi nyumbani na baba yako, nimemkumbatia kifuani.

Babu yako