Kwako Oswaldi Nswima, Uliyewasagia Wafiwa Wote

Mwaka umetimia, Baba Hilaria, tangu ulipoanguka kando ya mashine yako pale Kizwite, mkanda ukiwa bado unazunguka na mikono yako ikiwa myeupe kwa unga wa mtu mwingine. Ilikuwa Alhamisi, tarehe nne Novemba 1993. Presha ilikuchukua kabla hatujapata gari la kukupeleka hospitali.

Anayesema hapa ni mimi, mkeo Klementina. Anayeandika ni Hilaria, binti yetu mkubwa, kwa sababu mwandiko wangu unaujua. Ameshanisihi mara mbili. "Mama, kumbukumbu huandikwa kwa upole. Tuseme alikuwa nguzo ya familia, tumalizie hapo." Nimemwambia aandike ninavyosema, la sivyo anipe kalamu. Wewe na mimi hatukuwahi kuzungumza kwa kuzungukana, na kufa kwako hakujakufanya mgeni wangu.

Kwa hiyo sikiliza. Nina hasira na wewe. Nimelala nayo na kuamka nayo mwaka mzima, na padre nimeshamwambia.

Wema wako siukatai. Wanaosoma gazeti hili, kuanzia Wampembe kule ziwani hadi Kasesya mpakani, wanajua ulikuwa mtu wa watu. Ulikuwa hupiti mlango bila kubisha hodi. Ulimsalimu mzee kwa kuvua kofia na mtoto kwa kuinama. Ulikuwa unacheka kabla hujamaliza kisa chako mwenyewe, na wanaokusikiliza wanacheka pia ingawa kisa hawajakisikia. Hata nyusi zako zilikuwa na unga siku ya Pasaka kanisani. Nilikupenda kwa hayo, usinielewe vibaya.

Lakini tuseme na hili, maana wengi hawalijui. Unakumbuka miaka ile ya foleni, tulipokuwa tunapanga mawe mbele ya duka la ushirika kushika nafasi ya kipande cha sabuni? Halafu ikaja ruksa, vitu vikaanza kuingia, na wewe ukaja nyumbani umechangamka ukasema, "Mama Hilaria, sasa mtu ananunua anachotaka. Tununue mashine ya kusaga." Wazo lilikuwa lako. Ng'ombe walikuwa wangu. Ng'ombe sita, niliowapata kwa kupika pombe ya ulezi miaka tisa, macho yakiniwasha kwa moshi. Tuliwauza wote, ukavuka Kasesya, ukarudi baada ya wiki mbili umekaa juu ya lori umekumbatia injini ya dizeli. Ulishuka ukaniambia mbele ya majirani, "Mashine yako hiyo." Majirani wale wamesahau. Mimi sijasahau.

Ukaanza kusaga, na ndani ya mwezi mmoja ukaanzisha desturi yako. Kwetu Ufipa mtu akifiwa, kila nyumba ya jirani hubeba unga kidogo ikapeleka. Ndivyo wazazi wetu walivyofanya, ndivyo tulivyokuta. Wewe ukaona hiyo haitoshi. Ukisikia kilio mahali, unawasimamisha wateja waliopanga foleni tangu alfajiri, unasema, "Mwenye msiba apite mbele." Unamsagia bure, kisha unaingia stoo yetu unamwongezea debe zima. Nikikuuliza debe hilo linatoka wapi unacheka. Lilitoka kwenye chakula cha wanao, Baba Hilaria, litoke wapi tena?

Basi watu wakakuzoea. Mwaka wa kwanza bado walipeleka unga msibani. Mwaka wa tatu walikwenda mikono mitupu, wanatoa pole, wanakaa, wanasema, "Unga ataleta Mzee Oswaldi." Nilikuonya. Nilikwambia unawafundisha watu uvivu, wanaacha kubebeana mzigo kwa sababu wewe umejitwisha wote. Ukaniambia nina roho ndogo.

Na siku ya posa ya Hilaria je? Wakwe walifika saa mbili asubuhi, wamevaa suti, wamekaa sebuleni wanatazamana. Baba mwenye binti hayupo. Alikuwa anasaga unga wa msiba wa mtu ambaye hata jina lake alikuwa halijui vizuri. Ulitokea saa tisa mchana, mweupe kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, ukawaomba radhi kwa kicheko chako, na wao wakakupenda papo hapo. Aliyeonekana mbaya siku hiyo ni mimi niliyenuna. Hilaria anaandika hapa huku anatabasamu, lakini siku ile alilia chumbani na mimi ndiye niliyemfuta machozi.

Nje ya mashine ulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikuwa rafiki zako, Yonas akiwa mkubwa wao. Walikaa pale kila jioni wakikusifu. Sifa hizo ndizo zilikuponza. Siku moja, umeshajaa sifa hadi shingoni, ukawaambia, "Jamani, mashine hii si yangu, ni yenu." Nilikuwa napita na ndoo ya maji, nikasikia. Nikadhani ni maneno ya benchi. Kumbe Yonas aliyaweka akilini.

Sasa nikueleze msiba wako ulivyokuwa, maana wewe ulikuwa umelala hujui.

Jumamosi, siku ya kukuzika, watu walijaa, nasema kweli. Uwanja haukutosha, walikaa hadi barabarani. Walilia kwa uchungu na hawakuwa wanaigiza. Hilaria akahesabu vyungu, akaenda stoo, akarudi ameshika mdomo. Stoo ilikuwa na kilo mbili, maana debe la mwisho ulimpa mtu Jumatano. Tukasubiri unga wa majirani. Saa nne, saa tano, saa sita. Hakuna aliyeleta hata kikombe. Kila mmoja alikuja mikono mitupu, na kila mmoja moyoni alisema, nyumba ya Oswaldi itakosaje unga? Watu wa mbali wameacha watoto wao, wanakaa na njaa msibani kwa msagaji.

Aliyeleta kitu ni mmoja tu, Maganga, yule Msukuma aliyehamia Kaoze na mifugo yake. Alimswaga dume kutoka bondeni siku mbili. Hajawahi kusagiwa na wewe hata kibaba, alikujua kwa salamu tu. Hakujua kwamba kwa Oswaldi mtu hajisumbui kuleta kitu. Tukawa na nyama lakini hatukuwa na ugali wa kulia.

Nikainuka mkekani. Ndiyo, mimi mjane, nywele zimefunguliwa, kaniki mwilini, na wewe uko chumbani hujazikwa. Niliingia jikoni nikaangua mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya meko, mbegu yetu yote tuliyokuwa tunasubiri mvua tupande. Nikayapukuchua na Hilaria. Nikayabeba hadi kwenye mashine. Rafiki zako walikuwa wamesimama pale, hakuna aliyejua kuiwasha, maana uliwafundisha kukaa tu. Nilikuwa nimekutazama miaka sita ukipiga hendeli, jinsi unavyotegea kwanza, unavyozungusha na kuachia ghafla isikuvunje mkono. Nikapiga mara tatu, ikakubali. Nikawasagia mbegu yangu wakala.

Walikula, Baba Hilaria, wakashiba. Kisha wakaanza kunong'ona. "Mjane gani huyu anatoka mkekani kwenda kuwasha mashine?" Wengine wakasema nimerukwa na akili. Wengine, wenye huruma zaidi, wakasema nilikuwa nakutafuta humo. Hao hawakukosea sana.

Tulipomaliza matanga Yonas alikuja na wenzake watatu. Alikaa kwenye kiti chako. Akasema, "Shemeji, marehemu alituachia mashine kwa mdomo wake, mashahidi sisi hapa. Na wewe umevunja mkeka, umeinuka kabla hajazikwa, mali ya marehemu huwezi kuishika kabla ya mwaka. Ufunguo tutautunza sisi. Mwaka ukiisha tutakaa kikao."

Nikamwambia ile mashine ni ng'ombe zangu. Akanijibu polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Ng'ombe hawakuwa na karatasi, shemeji." Wazee wa ukoo wako walikuwepo. Wakatazama chini. Yonas akauchukua ufunguo msumarini akautia mfukoni.

Ndipo mwaka wangu ulipoanza. Mashine imefungwa, shamba halina mbegu. Mwezi Desemba nilikwenda kulima matuta ya watu kama kibarua, umri huu, na wake za rafiki zako wakinipita njiani wakisema, "Pole mama, mzee wetu alikuwa mtu mwema." Maganga alisikia akaniletea mbegu gunia zima, nikapanda nikiwa nimechelewa, nikavuna kidogo. Mahindi yangu mwenyewe niliyatwanga kwenye kinu, na mashine yangu iko hatua mia mbili. Kila nilipotwanga nilikutaja, na sikukutaja kwa sala.

Maana hili ndilo linaloniuma, na nataka unisikie vizuri. Yonas simlaumu sana, Yonas ni Yonas. Wewe ulikuwa na miaka sita ya kusema mbele yao neno moja tu, kwamba mashine ni ya Klementina. Ulilisema siku ya lori mbele ya majirani, kwa kuwa siku hiyo lilikupa raha. Kwenye benchi ulilimeza, kwa kuwa pale raha ilikuwa kusema lile jingine. Uligawa unga, nikavumilia. Uligawa muda wetu, nikavumilia. Lakini jasho langu halikuwa lako, ukaligawa.

Kikao kilipangwa kifanyike kesho Jumamosi, baada ya misa yako. Hilaria na mumewe Evans walikuwa wameshanitafutia chumba kwao Laela, maana walijua nitashindwa. Na mimi nilijua.

Jumapili iliyopita mama yake Yonas akafariki. Bibi yule alikuwa mwema na nilimlilia. Watu wakajaa kwa Yonas, wakakaa, wakangoja. Unajua walichokuwa wanangoja. Mazoea uliyowapa hayajafa nawe, hakuna aliyebeba unga. Mahindi Yonas anayo, magunia. Ufunguo anao. Akafungua mashine, wakapiga hendeli yeye na wenzake wa benchi hadi mmoja akateguka kifundo cha mkono, ikagoma.

Jumatatu saa tatu asubuhi alisimama mlangoni pangu. Macho yamevimba, kofia mkononi. Hakukaa kwenye kiti chako.

"Shemeji," akasema, "watu wana njaa kwangu."

Nilimtazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mwaka mzima, maneno ya kumchoma hadi mifupani, na yalikuwa yote mdomoni. Nikaona tu mtu aliyefiwa na mama yake. Hapo ndipo nilipokukasirikia kuliko siku zote, kwa sababu nilijua wewe ungefanya nini, na miguu yangu ilikuwa imeshainuka.

"Nipe ufunguo," nikamwambia.

Akautoa. Nikasema tena, "Sikuombi uniazime, shemeji Yonas. Nipe."

Mkewe alikuwa nyuma yake na wazee wawili wa ukoo wako, wale wale waliotazama chini. Safari hii mmoja wao, baba yako mdogo Dominiko, ndiye aliyesema. "Mpe mwenye mali yake." Yonas akauweka kiganjani mwangu kwa mikono miwili. Nikafunga kaniki yangu vizuri nikaenda nikawasha, nikasaga madebe manne ya msiba wa mama yake. Nilipozima injini nililia, na nilikulilia wewe, kwa mara ya kwanza bila hasira. Ilirudi nilipofika nyumbani.

Kwa hiyo kikao hakipo. Misa ipo, kesho saa moja asubuhi, parokiani Kizwite. Baada ya misa tutabariki msalaba wa kaburi lako, kisha kila mtu ataenda kula kwake. Rafiki zako wa benchi wanakaribishwa misani pamoja na wengine.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Klementina. Binti yako Hilaria na mumewe Evans wa Laela. Mwanao Felisian aliyeko Wampembe. Mdogo wako Debora. Baba yako mdogo mzee Dominiko. Na mjukuu wako Victoria, aliyezaliwa Aprili, anayecheka kama wewe na ananitia wasiwasi.

Hatutakusahau, Baba Hilaria, wala wewe hukutuachia namna ya kukusahau. Mashine ya Klementina Nswima itafunguliwa Jumatatu saa moja asubuhi. Mwenye msiba atapita mbele, na atalipa kama wengine.