Gari la Baba Limebandikwa Macho ya Chura

Abingdon, Uingereza
14 Septemba 2008

Mpendwa mdogo wangu Desmond,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hali zenu huko Tasmania? Mguu wa mkeo Lorna umepona? Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Mimi mwili hauna neno, lakini roho imenichafuka, na sababu utaijua sasa hivi.

Uliniuliza habari za Midget ya Baba, kile kigari chake cha michezo cha viti viwili. Shemeji yetu Clive ameikata. Ndiyo, umesoma sawasawa: kwa msumeno.

Alimwomba Mama gari ili eti alipige rangi kidogo. Jumapili iliyopita nilipita kwake bila taarifa. Boneti na madigadi vimeshakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mbele amebandika uso wa plastiki wenye taa mbili zilizotokeza juu kama macho ya chura, apate kuliuza kama lile toleo la zamani lenye macho hayo, linalogombaniwa na wenye fedha.

"Clive, umefanya nini?"

"Shemeji, usinipandishie! Hiki kilikuwa kigari cha makarani. Nani anakitaka? Watu wanalilia cha macho."

Alisema hivyo huku anatafuna mkate, mayonezi kidevuni.

Kigari cha makarani! Baba alikuwa fundi wa kufunga milango ya vigari hivyo kiwandani hapa mjini tangu vilipoanza kutoka mwaka 1961, vikiwa vya bei ya chini ili vijana nao waonje mwendo. Baadaye sheria za Marekani, kulikouzwa vingi, zikakilazimisha kiwanda kuviinua na kuvivisha mabampa meusi manene, na watu wakavicheka. Baba akanunua hicho hicho kilichochekwa, kiwanda kikielekea kufungwa. "Hiki nimekifunga mimi," alisema, basi.

Jana Clive alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale, mnunuzi ameshapatikana. Mimi na Mama tukamfuata huko, na Mama akaomba akae ndani kidogo. Alipokaa tu, akafunga mkanda.

"Mama, shuka basi, mgeni anangoja," Clive akasema.

"Akangoje kwao. Kadi ya gari ina jina langu. Hazel, shika usukani!"

Mnunuzi akamgeukia Clive: "Kumbe si lako?" Clive akaiva uso kama nyanya. Mimi nikawasha gari.

Tulipitia makaburini kwa Baba. Njia nzima watu walitupungia, wakapiga makofi, wakatupiga picha. Miaka ishirini na tisa gari hili limepita hapa mjini na uso wake wenyewe, na hakuna aliyewahi kugeuza shingo. Mama aliwapungia kwa furaha. Mimi nilitamani kusimama katikati ya barabara niteme mate.

Ukisikia huko kuna boneti ya Midget, hata yenye kutu, nitumie.

Mama anakubusu. Shangazi Winifred anawasalimu, nawe mpe Lorna mkono wangu. Mungu awafunike huko mliko.

Dada yako akupendaye, ingawa leo amenuna,
Hazel