Vitobo Vitatu vya Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia ua. Nimechemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Mkono haujajua bado. Mwezi wa tatu wa eda.

Barua pepe imekuja kutoka bandari alikofia mume wangu Salimu. Alikuwa mpishi melini. Walimzika kulekule, mimi nikiwa hapa Msambweni. Sanduku lake limo stoo ya kampuni ya meli. Wanataka cheti cha ndoa na cheti cha kifo, kwa faksi tu, kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo wanatupa.

Sitaki kitu ila kofia. Niliishona kwa mkono miezi saba, kitobo kwa kitobo, kila kimoja nikikizungushia uzi. Vitobo vitatu vya nyuma sikuvimaliza, meli haikungoja. Alisema nitamalizia akirudi.

Jumanne, 5 Agosti

Wifi yangu Mwanajuma, dada yake Salimu, alileta mihogo. Nikamweleza.

"Faksi! Wifi, watu wa faksi hawajafa tu?"

Akaenda Ukunda kuniulizia, akarudi na jibu. Kwenye duka la kuchapa barua mashine ipo lakini mbovu, paka anailalia. Na mimi sitoki, niko edani. Basi akanitilia programu kwenye simu. Unapiga picha karatasi, unaandika namba, simu inaipeleka ikatokee huko kama faksi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Salimu alinitumia barua kwa faksi, katika ofisi moja Matuga. Nilikwenda kuichukua. Karatasi ilitoka ya moto kama chapati. Niliibana kifuani hadi nyumbani. Ninayo. Wino umefifia wote, imebaki nyeupe. Usiku huwa naisoma hivyohivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Vyeti nilivituma jana usiku. Wamejibu. Jina la mume kwenye cheti cha ndoa halisomeki.

Salimu alivitia vyeti vyetu vyote plastiki, visiingie maji. Plastiki inarudisha jua. Penye jina lake pamekuwa weupe mtupu. Nimekipiga picha tena uani, mlangoni, dirishani. Mara sita. Kila mara anapotea yeye tu.

"Umewapelekea picha ya jua," alisema Mwanajuma. Nikacheka. Kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Nina hasira na plastiki. Nina hasira na Salimu pia. Alihifadhi kila kitu isipokuwa nafsi yake.

Alasiri nilijifunika gubigubi kwa leso yangu nyeupe pamoja na cheti, kama mtoto anayejificha. Ndani kulikuwa na mwanga laini, kama wa chini ya maji. Kwenye kioo cha simu jina likatokea polepole. Salimu. Nikakaa mle muda kabla ya kupiga.

Imekwenda.

Alhamisi, 7 Agosti

Vyeti vimepokewa. Lakini kibandiko cha jina kimebanduka kwenye sanduku. Nitaje alama moja ya kuthibitisha.

Niliandika: kofia nyeupe, nyuma ina vitobo vitatu visivyoshonwa.

Jibu limekuja jioni. Kofia nyeupe ipo. Vitobo vyote vimeshonwa. Sanduku hilo huenda ni la mtu mwingine.

Sikula. Nimelala na leso usoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi niliwaomba wanionyeshe kofia kwa nyuma. Nikangoja. Watu walikwenda msikitini, wakarudi. Mwanajuma alikuja, akakuna nazi.

Simu ikalia. Ukurasa mmoja wa faksi, mweusi na mweupe, wa chengachenga kama mchanga uliolowa. Nikaukuza kwa vidole viwili. Mshono wangu, safu kwa safu. Halafu pale nyuma, vitobo vitatu vimekwenda upande. Uzi mnene, kama wa kushonea magunia.

Amevimaliza mwenyewe.

Mwanajuma aliishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na macho.

"Kaka yangu huyu. Hata kifungo alikuwa hajui kukishona."

Tukalia pamoja, nazi mapajani mwake.

Nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu: Ni yake. Vitatu vya mwisho ameshona yeye. Nikaipiga picha chini ya leso, nikaituma. Ilikuwa imebaki saa moja muda wao uishe.

Jumapili, 14 Septemba

Sanduku limefika. Eda imebaki siku chache.

Kofia inanuka vitunguu na bizari. Sitaifua. Uzi mweupe ninao na sindano ninayo. Ningeweza kuvifumua vile vitatu nikavishona vizuri. Nimerudisha sindano mahali pake.

Kofia ikikosa karatasi ndani hulegea. Nimeikunja ile faksi ya Matuga, nikaitia. Nimeiweka kabatini.

Imesimama vizuri, kama ina kichwa.