Breki ya Mguu

Kaka Yona,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha mguu wa kulia, nitakueleza. Shemeji hajambo? Alizeti imekubali, au mvua imewadanganya tena? Na macho ya mama je? Ulisema moja limezima na la pili lina ukungu, na kila jioni anauliza nitakuja lini anione kabla halijazima nalo. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani. Anakuletea Hamisi wa Ikungi, tuliyekuwa naye chumba kimoja huku Omani.

Kambi yetu iko jangwani, juu ukingoni mwa korongo. Hakuna mti, ni miamba myekundu na joto tu. Wageni wanashuka korongo kwa baiskeli za matairi manene, sisi tunazifuta vumbi. Nilimwomba meneja ruhusa nije kumwona mama. Akanigeuza kichekesho mbele yao.

"Kwenu si mnazaliwa juu ya baiskeli? Shuka na wageni wangu. Ukifika chini bila kuanguka, nenda kwa mama yako."

Nilimdharau, kaka. Mimi niliyebeba magunia ya alizeti kwa baiskeli mpaka barabarani Iguguno! Wakanivisha helmeti ya kufunika uso mzima, mgeni mmoja akawasha simu kunirekodi, tukashuka. Mwanzoni niliwaacha mbali. Niliona raha kweli, nikasahau kwamba ninachezewa.

Kisha njia ikainama, kokoto zikateleza, na kushoto kukawa hakuna kitu. Breki mbili nzima zilikuwa kwenye usukani, chini ya vidole vyangu. Sikuzikumbuka. Mguu ulikumbuka baiskeli yako mbovu isiyo na breki, uliyonifundishia: nikakandamiza ndala kwenye tairi la mbele. Matairi ya huku yana meno, kaka. Lilivuta ndala na mguu pamoja, likaviingiza kwenye spoku, nikaruka juu ya usukani.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hospitali wamekata vidole viwili. Meneja alipokuja kunitazama nilimkumbusha ruhusa.

"Hukufika chini," akasema. "Na tairi langu umeliharibu."

Mwongo. Chini nilifika, baiskeli ndiyo iliyobaki juu. Namchukia mtu yule, sitakuficha.

Nisalimie shemeji, na mjomba fundi cherehani, na shangazi wa mashine ya kukamua alizeti. Mwambie aache kupunja watu.

Sasa ile video inayozunguka mitandaoni, uliyonirushia, ya mtu wa helmeti anayeanguka korongoni. Uliandika: "Tazama zoba huyu, anafunga breki kwa mguu kama sisi wa Iguguno! Nimemsogezea mama simu jichoni, ameona, amecheka mpaka machozi."

Usimwonyeshe tena, wala usimwambie. Alitaka kuniona kabla ya giza. Basi ameniona.

Mdogo wako,
Petro