Kitambaa cha Mama na Kompyuta Isiyo na Feni

Jumapili, alasiri. Upepo wa Julai uliamka mara tu tulipomaliza chai ya asubuhi, na tangu hapo unalipeleka vumbi la Nzuguni, hapa Dodoma, nyumba hadi nyumba. Nimeziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, lakini wapi, ukisaga meno unasikia mchanga. Baridi nayo haijambo. Nimevaa sweta la mume wangu, nina furaha, na ninaiogopa Jumatano.

Haya ninayaandika kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Kesho nitayabeba kwenye flashi hadi intaneti kafe niyabandike hapa kwenye blogu. Mashine imewashwa, iko mezani mbele yangu, na siisikii.

Siisikii hata nikiitegea sikio.

Kompyuta ya nyumbani niliitaka siku nyingi. Mimi ni katibu muhtasi, kuchapa ndiyo kazi yangu, na wanafunzi wa vyuo hawaishi kutafuta mtu wa kuwachapia ripoti. Zamu yangu ya upatu ilipofika nilikuwa nimeshaamua. Ila nilikuwa nikiota mashine yenye kasi, ya kuwakoga nayo wenzangu wa ofisini. Habari ya ukimya haikuwamo kichwani mwangu kabisa.

Ikaingia Mama alipokuja.

Mama yangu alikuja kutoka Kondoa mwezi uliopita na uvimbe wa shingo, ule aliokuwa akiufunika kwa mtandio miaka yote akisema haumuumi. Daktari alimpima, akampangia upasuaji Jumatano hii inayokuja. Alitueleza kwa upole kwamba mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na mahali atakapokata. Wengi hurudi na sauti zao, alisema. Wengine hukwaruza kwa muda. Wachache haiwarudii ilivyokuwa. Ramadhani, mume wangu, akauliza maswali ya maana, kuhusu damu na siku za kulazwa. Mimi nilikwama kwenye neno sauti, sikusikia lingine.

Sauti ya Mama ndiyo iliyonilea. Kule kwetu mlimani hakuwa na haja ya kunifuata nikichelewa kisimani. Alisimama uani akaita "Hadija!" mara moja tu, na bonde zima likajua Hadija anatafutwa. Sauti hiyohiyo akiishusha, inamlaza Salma, binti yangu wa miaka minne, kwa wimbo wa Kirangi wenye maneno ya zamani ambayo mengine hata mimi nayakisia tu. Nilitaka kuiweka mahali kabla ya Jumatano. Ndivyo ilivyokuwa, wala sina namna nzuri zaidi ya kuisema.

Mtu ataniuliza, kwani redio kaseti imekwenda wapi? Baba alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga hakuwa mtu wa barua, alituma kaseti. Upande wa kwanza alizungumza na Mama, upande wa pili na sisi watoto. Alipofariki tulibakiwa na moja. Tukaipiga na kuipiga, mpaka siku redio ilipoimeza. Nilikaa na penseli nikihangaika kuurudisha ule utepe uliokunjamana, na Mama kakaa pembeni ananitazama. Kaseti sikuitaka tena. Nilitaka sauti inayonakilika, moja ikae kwangu, moja aende nayo dada yangu Arusha, na nyingine ifungiwe kabatini kwenye sidii.

Nilijaribu kwanza ofisini, wenzangu walipotoka kula. Nikajirekodi mwenyewe. Niliposikiliza, nyuma ya maneno yangu kulikuwa na kitu kama mashine ya kusaga mahindi. Ilikuwa feni ya kompyuta. Miaka yote nimekaa mbele yake na sikuwahi kuisikia.

Basi nikaenda Kizota kwa fundi Elia.

Elia ana karakana ya kutengeneza redio na kusuka mota, na siku hizi anaunganisha kompyuta kwa vipande vya mtumba vinavyoletwa kutoka Dar. Ni mcheshi, mbishi, na ana imani kwamba kila mteja anataka kasi hata akikataa. Nilipomwambia nataka kompyuta ndogo ya kutosha kwenye meza ya sebuleni, ya bei ninayoiweza, na isiyopiga kelele, alinitazama kama nimeagiza pilau isiyo na mchele.

"Mama Salma, kasi inaleta joto," aliniambia. "Joto linataka feni. Feni ndiyo kelele yako. Sasa chagua, maana vyote hupati."

Tukachagua kimojakimoja, tukibishana. Prosesa alitaka kunipa ile kali, mimi nikashikilia ya wastani. Badala ya feni mbili ndogo zinazolia kama mbu, nikachukua moja kubwa inayozunguka taratibu. Pawa saplai niliikataa mara tatu kabla ya kuipata iliyotulia. Kasha likawa dogo, la kulala, unaweza kulibeba kwapani. Diski ilikuwa inaguruma kidogo na kulitetemesha kasha zima, basi Elia akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, ule tunaofungia mizigo, akaining'iniza diski humo ndani isiguse bati. Niliupenda ule mpira kuliko kitu chochote ndani ya mashine.

Lakini Kizota si mahali pa kupimia ukimya. Jirani yake anachomelea mageti. Ilitubidi tumsubiri mchomeleaji aende kula, halafu tukainamia lile kasha, mimi na Elia, vichwa vimekaribiana, tumebana pumzi. Mpita njia alisimama mlangoni akauliza kama kuna mgonjwa.

Nilipoifikisha nyumbani Mama aliizunguka, akaigusa mgongoni, akaniuliza mbona kisanduku changu kiko uchi.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu kila kitu kimevaa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji, makochi, hata jagi la maji lina kifuniko chenye shanga pembeni. Ukiishi na vumbi la Dodoma utaelewa, na hata lisingekuwapo bado tungevifuma, kwa sababu chombo kisicho na kitambaa ni chombo kisicho na mwenyewe. Mama akatoa sindano yake ya kufumia na uzi mweupe, akaanza. Alifuma kwa siku kadhaa, maua juu na kando, akakishonea na bitana ndani ili vumbi lisipate hata tundu la kupitia. Kilipokamilika kilifunika kasha zima pande zote hadi mezani, kama kanzu. Nilikisifia kwa moyo wangu wote. Nilikinyoosha mwenyewe kwa mikono yangu.

Tukaanza kurekodi alfajiri, baada ya sala, upepo ukiwa bado umelala. Mama akakohoa kidogo, akaanza kueleza jinsi babu yake alivyohamia mlimani. Hata hajafika mbali, feni ikaanza kunung'unika, ikapanda, ikalia, halafu kompyuta ikazimika. Nikaiwasha. Ikazimika tena. Mama akakusanya mikono mapajani, akasema labda maneno yake ni mazito kwa kisanduku. Alitania, lakini mimi nilitamani kulia.

Niliirudisha Kizota na hasira zangu zote. Nilimwambia Elia kaniuzia kipande kibovu, tena mbele ya wateja. Akaiwasha, akaiacha kutwa nzima mezani kwake ikicheza muziki. Haikuzimika. Nikairudisha nyumbani, kesho yake alfajiri ikazimika. Hapo nikaanza kuwaza mambo ya ajabu, kwamba labda hairuhusiwi, labda sauti ya mtu aliye njiani kwenda kukatwa haitakiwi kuwekwa. Sikumwambia mtu. Nayaandika hapa kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Jana Elia alikuja mwenyewe hadi Nzuguni, na boksi la vifaa vyake. Akamwamkia Mama shikamoo, akaitikiwa marahaba baba, akaingia sebuleni, akasimama.

"Mama Salma," alisema polepole, "unaiwasha ikiwa imevaa hivi?"

Nikamjibu ndiyo, sasa ivae vipi?

Nilikuwa nakiona kila siku, jamani. Nilikuwa nakinyoosha! Mtu aliyejifunza kompyuta darasani, aliyejua kwamba joto ndilo adui, akamfunga adui ndani kwa kitambaa chenye bitana, kwa sababu macho yangu yamelelewa kuona kitambaa juu ya chombo kama yanavyoona nywele juu ya kichwa. Elia alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia Kizota, akasema yamekwisha.

Kisha nikamwona Mama.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amekivua kile kitambaa, anakikunja taratibu, ncha kwa ncha. "Basi nimekiua kisanduku chako," alisema. Nikamwambia hapana, Mama. Akasema si kitu, atakitumia kufunikia ungo. Tangu aje mjini hatumruhusu abebe ndoo, hatumruhusu apike kwa mkaa, daktari kasema apumzike. Kazi pekee aliyopata ya kumfanyia mwanawe ni hiyo, na akawa anaikunja.

Sikuweza kuvumilia. Nampenda sana mama yangu, na sijui kwa nini maneno hayo ni magumu kuyasema na ni rahisi hivi kuyachapa.

Nikamgeukia Elia nikamwambia kitambaa kinabaki, kinachoondoka ni prosesa.

Alidhani namtania. Nikamuuliza, si alisema joto linatoka kwenye kasi? Basi anitafutie kitu kisichokuwa na kasi wala joto. Akalalamika. Akasema kuna ubao mmoja mdogo wa kompyuta karakanani, umetoka kwenye mashine ya mapokezi ya hoteli, prosesa yake ni baridi kiasi cha kutohitaji feni, ina kipande cha alumini tu juu yake cha kupozea, lakini itakuwa na mwendo wa kobe. Nitachapa, nitarekodi, basi. Nikamwambia hayo ndiyo ninayotaka, akaenda Kizota kuuleta. Hata pawa saplai ikabadilika, ikawa ile ya nje, kama chaja ya simu iliyonenepa.

Mama alikuwa anasikiliza. Alipoona tunapima lile kasha akauliza, "Kinapumulia wapi?"

Elia akaacha ucheshi. Akamwonyesha matundu ya juu na ya nyuma, akamweleza kwamba hata kisicho na feni hupumua. Mama akachukua wembe, akaifumua bitana yote. Nyuma akaacha wazi. Juu akafumua maua, akafuma upya matundumatundu kama wavu, akipima kwa kidole. Vumbi kubwa litabaki kwenye uzi, alisema, na kitambaa hufuliwa. Elia akaondoka jioni akisema atamwajiri.

Leo alfajiri tukajaribu tena.

Nilikaa roho mkononi. Mama akaanza kwa kukipigia kisanduku hodi, kwa heshima zote, halafu akaendelea pale alipokatizwa na feni. Akamaliza habari za babu yake. Akacheka cheko lake. Akaita jina langu vile alivyoliita toka uani, na Salma akatoka chumbani mbio akidhani kuna jambo, basi akamweka mapajani na kumwimbia wimbo wote. Kompyuta haikuzimika. Nilikigusa kitambaa, kilikuwa na uvuguvugu tu, kama chapati iliyokaa kidogo.

Baadaye niliposikiliza nilishtuka. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik. Nikasema diski. Nikasema nimekwisha. Nikasikiliza tena, na tena, mpaka nikaelewa. Ni sindano yake inagonga pete. Alikuwa anafuma wakati wote anazungumza, kama alivyofanya maisha yake yote, na mashine imekaa kimya vya kutosha kulinasa hata hilo.

Mwishoni kabisa kuna maneno ambayo sikuyasikia alipokuwa akiyasema. Nilikuwa nimemrudisha Salma kitandani. Mama alibaki peke yake na kisanduku, na anasema nacho kwa sauti ya chini:

"Hadija mwanangu. Ukinisikia humu nami nipo hapo kwako, hata kama nakwaruza kama mlango, kizime hiki unisikilize mimi."

Nimelisikiliza hilo mara nyingi mno leo, na kila mara nimejipa sababu. Napima ukimya. Nanakili. Naandika shajara.

Sasa hivi yuko jikoni. Anamwita Salma aje kumshikia uzi, na sauti yake inapita juu ya upepo, juu ya mabati yanayogonga, inafika hapa bila maikrofoni.

Naizima. Nakwenda kumsikiliza.