Mwikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2019

Siku ya pili ya mwiko. Daftari hili ni la Margit, mgeni wangu. Kanikatia nusu yake pamoja na kalamu ya wino wa kijani, eti niandike ndoto. Ndoto sina. Njaa ninayo.

Basi niandike nilivyojiingiza humu. Miaka kumi na tisa nawapeleka wageni kwa waganga wetu – naendesha mtumbwi wa injini, nabeba mikoba, natafsiri nyimbo. Mwenyewe sijawahi kushika mwiko hata wa siku moja. Napenda kula! Margit ni mwalimu wa kemia aliyestaafu, miguu mirefu kama korongo. Juzi akataka kukaa siku nane mwikoni na mti ili aone waganga wetu wanajifunzaje. Akaogopa kukaa peke yake. Akaniuliza: wewe umeshika miiko ya miti mingapi? Nami, kinywa hiki! Nikasema mitatu.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta.

Ndiye mganga pekee aliyebaki upande huu wa mto. Wengine wamekufa, au wamehamia mjini Pucallpa. Mimi na yeye hatusemezani, bila shaka. Mume wa binti na mama wa binti hawasemezani wala kutazamana usoni, na heshima hiyo nimeitunza miaka ishirini na sita, vizuri kuliko nilivyotunza meno yangu. Jina lake silitaji hata humu. Akamwambia mke wangu, Zoraida, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa: "Mwambie mumeo, huyo wa miti mitatu, wa nne anaupata kesho."

Jana asubuhi tukanyweshwa wote wawili maji ya bobinsana, kile kichaka cha ukingoni chenye maua ya waridi. Tukaimbiwa. Tukaingizwa mwikoni, kila mmoja na kibanda chake. Hakuna chumvi, sukari, pilipili, mafuta, mke, mvua, wala kushikana mikono na watu. Ndizi ya kuchoma na samaki mdogo wa miiba, basi.

Na aliyekuingiza ndiye wa kukutoa. Hakuna mwingine. Ukijitoa mwenyewe, mti unakugeukia. Mjomba wangu alikula nguruwe siku ya tano, na mdomo wake ulikaa upande mpaka tunamzika.

Jumanne, 6 Agosti

Ndizi. Samaki. Mwiba kooni.

Zoraida huweka sahani kwenye gogo kisha anarudi nyuma hatua tano, kama vile nina ndui. Nimembembeleza: mke wangu, punje moja tu ya chumvi, nani atajua? Kacheka hadi kashika mbavu. "Mwenye miti mitatu analilia chumvi!"

Maji ya ziwa yameshuka kiganja kizima tangu jana.

Jumatano, 7 Agosti

Margit kashindwa! Alikuwa na biskuti za chumvi chini ya begi. Kala nne. Halafu kaenda mwenyewe kwa mama mkwe, analia, anajishtaki. Mama mkwe kacheka. Kamwimbia wimbo wa kumtoa, kamwekea ulimini chumvi, ndimu na pilipili, na Margit huyo nje, kama mtoto aliyesikia kengele ya shule.

Nikamtuma Zoraida kuuliza: na mimi je?

Jibu: mgeni mti haukuwa umemshika bado. Huyu umemshika. Nane ni nane.

Umenishika wapi? Tumboni labda, maana ndiko kunakonguruma.

Mfereji wa kutokea mtoni unakauka. Mtumbwi usipotoka leo, hautoki tena mpaka mvua. Kwa hiyo Zoraida amempeleka Margit kijijini, San Melchor, akapande mashua ya abiria. Anasema atarudi kesho, hata kwa kuburuza mtumbwi. Margit kanipungia mkono kutoka mbali, machozi yanamtiririka, eti mimi ni shujaa. Shujaa! Ningekuwa na biskuti ningekula boksi.

Nikamwuliza Zoraida: sasa mimi na mama yako tutasemezana kupitia nani?

"Si yupo Kapteni," kasema.

Kapteni ni mbwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Zoraida hajarudi.

Mama mkwe kaleta chakula mwenyewe. Kasimama kandokando, uso kaugeuzia mgombani.

"Kapteni, mwambie huyo mtu samaki ni mmoja. Asitafute wa pili."

Nami nikageukia ziwani. "Kapteni, mwambie mama nashukuru."

Kapteni alikuwa anamtazama samaki.

Akiondoka, mama mkwe akakohoa. Kikohozi kizito, kinachotoka chini kabisa.

Jioni nimesogea mpaka mwisho wa uwanja, hadi pale ninaporuhusiwa. Mlango wa mfereji ni tope tupu. Korongo wamesimama palepale mtumbwi ulipopita jana. Zoraida hawezi kuingia, ndio hivyo. Na kwa miguu kwenda San Melchor ni nusu siku ndani ya kinamasi, tope hadi kifuani. Mtu wa mwikoni hagusi tope la kinamasi.

Nyuma msitu. Mbele tope. Katikati mimi, bibi kizee asiyeniangalia, na mbwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Chakula kimechelewa na ndizi ilikuwa mbichi katikati. Mama mkwe alishika nguzo ya kibanda changu kwa muda, akihema. Niliona mkono wake, kisha nikateremsha macho haraka.

"Kapteni, mwambie huyo mtu asiniangalie."

"Kapteni, mwambie mama naangalia kuku."

Kuku hatuna.

Nikamwambia mbwa yote kwa mkupuo mmoja: mama anaumwa, kifua kile si cha mchezo, anitoe mwikoni leo hii nivuke kinamasi nimlete nesi. Akaiachia nguzo. Kisha:

"Kapteni, mwambie: nikimtoa leo anatoka na nusu ya mti. Nusu ya mti ni kuni."

Halafu akauliza, bado kwa mbwa, kama nimeota chochote, maana mti hufundishia usingizini.

Nikajibu hapana.

Nimedanganya. Niandike hapa, hakuna wa kusoma. Tangu Jumatano asubuhi kuna wimbo. Niliamka nao, kama mtu anayeamka na unyasi kinywani. Si wimbo wa mama mkwe – zake zote nazijua, nimezitafsiri mara mia. Unapanda, unajikunja, unarudi kama mistari ya nguo anazotarizi Zoraida. Nautupa, unarudi. Nakohoa, unarudi.

Najua maana yake, ndiyo sababu nimekaa kimya. Anayepewa wimbo na mti hawi tena mtu wa pembeni. Watu watamletea watoto wenye homa, wajawazito, waliorogwa, walevi. Kila mwaka mwiko. Nguruwe ndiyo basi tena. Mimi ni mtu wa injini na mizaha! Nina miaka hamsini na moja, goti bovu, na kinywa kisichojua ukweli unaishia wapi. Nikisema ndiyo, nimeingia chumba ambacho mlango wake haufunguki siku ya nane.

Kwa hiyo sijaota. Basi.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo hakuna chakula.

Nilisubiri. Jua likapanda juu ya miti. Jikoni kwake hakuna moshi. Kikohozi hakuna, na hicho ndicho kilichonitisha.

Nikapiga hesabu ya mwoga. Nikikaa, atakufa, nami nitabaki mwikoni bila wa kunitoa. Nikikimbilia kinamasini, mti unanigeukia mimi na yeye aliyeniingiza. Nikiingia nyumbani kwake, navunja heshima. Naona aibu kuandika kwamba nilichofikiria kwanza ni mdomo wangu kwenda upande. Cha pili ndipo yeye.

Saa sita mchana nikaingia. Kinyumenyume! Ili nisimwone. Nikapanda ngazi kwa kisigino, kama kaa, nikakanyaga sufuria, likabingirika nyumba nzima.

Sauti kutoka kwenye chandarua, nyembamba: "Kapteni, mwambie huyo mtu hilo lilikuwa sufuria langu zima la mwisho."

Yu hai! Karibu nilie.

Nikampa maji kwa mkono wa nyuma, mgongo nimempa yeye. Mkono wake ukakutana na wangu. Moto! Nikawasha jiko, nikachemsha tangawizi aliyoiotesha kando ya ngazi, nikampa tena vilevile, mgongomgongo. Nusu ilinimwagikia. Akamwambia mbwa kwamba ndio maana binti yake hupika mwenyewe.

Kisha Kapteni akaona mjusi uani. Akaruka, akabweka, akapotea.

Tukabaki wawili. Mimi natazama ukuta huu, yeye ule.

"Unaimba puani," akasema.

Hakukuwa na mbwa.

"Tangu Jumatano. Nasikia mpaka huku. Huo si wangu. Wala si wa mama yangu."

Nilitoka nje kama nilivyoingia, na ngazi ya mwisho nikaikosa.

Jumapili, 11 Agosti

Sauti ya Zoraida! Kutoka ng'ambo ya tope, nyuma ya matete. Amekuja na kaka yake, wanaburuza mtumbwi, wanakata magogo ya kupitia.

"Mama mzima?"

"Anaumwa! Kifua! Mlete nesi!"

"Nesi yuko mjini! Mpaka Jumanne!" Kisha, baada ya kupumua: "We umekula chumvi?"

"Sijala!"

"Kweli?"

Mke wangu. Mama yake yuko kitandani, tope liko kiunoni, na bado ananihoji. Wanadhani watafika kesho jioni, kama magogo hayatazama.

Nimemwambia mama mkwe kupitia kwa Kapteni, aliyerudi na pua imechanika. Kasema kesho jioni ni mbali. Kasema hivyo tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Hali kitu. Uji wa ndizi kaonja kijiko kimoja. Kila akivuta pumzi, kitu ndani kinakwaruza. Mimi nimekaa ngazini, mgongo kwake, mchana kutwa. Nane zimetimia leo. Kesho asubuhi ni ya kunitoa.

Wimbo umekuwa mrefu zaidi. Una sehemu mbili sasa.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi. Kaniagiza nimwinue nimwegemeze kwenye nguzo. Kwa Kapteni kaniagiza. Ni mwepesi kama kikapu.

Pembeni ya mkeka kulikuwa na jani, na juu yake chumvi, ndimu na pilipili. Alivitayarisha lini, sijui. Nikaona mate yananijaa, nikajichukia.

Kisha akamfukuza mbwa. "Toka. Leo sikuhitaji."

Akanigeukia. Akanitazama usoni. Ana jicho moja lenye ukungu; miaka ishirini na sita sikujua.

"Artidoro."

Sikujua pia kama analijua jina langu.

"Pumzi niliyonayo inatosha wimbo mmoja," akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nikiuimba wa kukutoa, unatoka, unakwenda kula nguruwe wako. Sikulaumu. Nisipouimba, unabaki ndani, na aliye ndani ndiye mwenye nguvu ya kumwimbia mgonjwa. Sema mwenyewe. Na usimwambie ukuta."

Nikamtazama. Ilikuwa kazi kuliko kubeba injini.

"Mama, mimi mwongo. Sikuwahi kuwa na hata mti mmoja."

"Najua."

"Wageni nawatafsiria nyimbo zako nusu, nusu nyingine naongeza chumvi."

"Najua. Zoraida huniambia. Tunacheka."

"Basi kwa nini mimi?"

"Nimeingiza watu kumi na wanne mwikoni. Wote wakweli, wote watu wa maana. Walitoka na njaa tu." Akakohoa, akashika mkeka, nikamshika mabega mpaka kikohozi kikapita. "Wewe unaimba puani."

Nikamwambia kwamba nikibaki ndani na yeye akaondoka, hapatakuwa na wa kunitoa. Milele. Nilisema "akaondoka", neno lenyewe sikuliweza.

"Ndiyo," akasema. "Basi imba vizuri."

Akafumba macho, akasubiri. Nje, mbali, nasikia shoka la shemeji kwenye magogo. Jioni bado. Pumzi yake inakwaruza, inasimama, inakwaruza.

Nimesukuma lile jani mbali, hadi mguu wa ukuta. Nimeanza. Sauti imetoka kama bata aliyekanyagwa. Akafumbua lile jicho zima.

"Juu zaidi."

Nimeanza tena, juu zaidi. Nimefika mwisho wa sehemu ya kwanza, jasho linanitoka kidevuni. Kaomba maji, nimempa uso kwa uso, hayakumwagika. Naandika haya wakati anakunywa, maana mikono yangu haikubali kutulia bila kazi. Kasema neno la pili ni bovu, nilibadilishe. Anaweka kikombe chini –